Chuma cha Ruhusa

Nakumbuka siku moja niliyomlaani mtu aliyeniokoa. Keti, mjukuu wangu. Jana ulimfokea mamako kwa kuwa ameficha ufunguo wa pikipiki yako isiyo breki.

Kile kimji tulichokipita tukirudi kutoka Voi, chenye stesheni isiyo paa na reli zilizomezwa na vichaka, ndiko nilikoanza unyumba. Babuyo alikuwa fundi wa reli. Enzi hizo gari la moshi likipiga honi, mji mzima hutoka: wauza mayai, wachukuzi, hata imamu. Leo hapana wa kukujibu salamu.

Uchungu wa mimba yangu ya kwanza ulinishika vibaya, mkunga akashindwa. Nikapakiwa gari la abiria niletwe hospitali Mombasa. Gari halikutoka. Reli ilikuwa moja, na chuma cha ruhusa kimoja. Dereva asiyekishika haingii njiani. Wakati ule kilikuwa mkononi mwa dereva wa gari la mizigo lililokuwa likija kwetu, nalo limechelewa.

Babuyo, mtu wa reli mwenyewe, alimkaba stesheni masta, Mtaita mmoja mtu mzima.

"Mke wangu yuwafa! Hilo la mizigo limeharibika huko. Toa letu!"

"Nipige, mwanangu. Gari halitoki."

Nilimsikia dirishani, nikamwombea mabaya nisiyoweza kuyatamka mbele yako. Dereva wetu naye akalegea, akapanda injini. Yule mzee akashuka akasimama katikati ya reli.

Tukangoja, nami nauma kanga. Ghafla la mizigo likatokea konani, mbio, mabehewa hayeshi. Lilipita reli ile ile ambayo sisi tungekuwa juu yake.

Mwanangu yule hakuwahi. Tulipofika Mombasa alikuwa ameshafariki tumboni. Babuyo hakumsamehe yule mzee mpaka anaingia kaburini. Mimi ilinichukua miaka, mpaka nilipompakata mamako ndipo nikaelewa: lau tungetoka, nisingekuwako kumzaa, wala wewe usingekuwako kumfokea.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa pikipiki, guu peke yake ni bahati. Anayekuzuia usimwite adui kabla hujajua anaogopa nini. Haya, nenda kamwombe mamako radhi. Mungu akupe umri, mwanangu, unizike wewe, nisikuzike mimi.