Siku Niliyokisugua Kibuyu cha Mgeni

Naomba mnicheke mapema tumalizane, maana aibu niliyoipata mimi siku ile haina utetezi, na hata mume wangu ambaye kisa hiki amekisikia kuliko mtu yeyote huwa ananyanyuka mezani nikifika pale mwalimu mkuu alipokunywa, anaenda kucheka uani peke yake mpaka anakohoa. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, mtu mzima, nina cheti changu, nafundisha watoto wa watu kunawa mikono, na kunawa huko ndiko kulikoniponza.

Kwanza mjue nilikotoka. Mimi ni mtoto wa Mikumi, nimekulia nyuma ya mgahawa wa mama yangu pale barabarani, madereva wa malori wakishuka na vumbi lao kuagiza wali maharage, na mama alikuwa anatuambia dereva anaangalia sufuria kabla hajaangalia chakula, kwa hiyo mimi na dada zangu tulisugua masufuria kwa majivu, kwa mchanga, kwa stili waya, mpaka unajiona meno humo ndani. Na jirani akileta mboga kwenye bakuli lake, bakuli linarudi limeoshwa likiwa na kitu ndani, chombo cha mtu hakirudi kitupu wala hakirudi kichafu (mama alikuwa anaweza kukuamsha usingizini kwa ajili ya bakuli la jirani, mimi nimeamshwa). Nikakua nikiamini hakuna namna ya kumpenda mtu zaidi ya hiyo.

Sasa nikapangiwa kazi Masanze, huku Kilosa, na mwaka huo masika yalikuwa yamekolea haswa, mahindi yamefika kiunoni, vyura wanapiga kelele mchana kweupe, watoto wanakuja shule viatu mkononi na tope mpaka magotini, na mimi nakiri nilikuwa naipenda ile harufu ya darasa lenye madaftari mabichi na sweta zilizonyeshewa, naikumbuka mpaka leo. Katikati ya tope hilo ndipo akaletwa Nashipai. Mtoto wa Kimasai, familia yao imehamia karibuni na ng'ombe wao, kanyoa kichwa, sare mpya inampwaya. Akanijia mpaka mbele yangu akainamisha kichwa, akatulia. Mimi nikadhani ameangusha kitu, nikainama na mimi kumsaidia kutafuta! Kumbe kwao mtoto anamwamkia mkubwa hivyo, anainamisha kichwa umguse utosini. Darasa zima likacheka, yeye akaenda kukaa mwisho kabisa, karibu na mlango, na toka siku hiyo hakufungua mdomo.

Jamani, yule mtoto alikuwa kimya. Nikimuuliza anaandika ubaoni, tena vizuri, lakini sauti hakuna. Mapumziko anasimama peke yake ukutani. Nilipomkalisha na Zuhura, mjukuu wa Mzee Salehe mwenyekiti wetu wa kamati ya shule, Zuhura akasogea mpaka mwisho wa dawati akaniambia bila kupepesa, "Mwalimu, babu kasema ng'ombe wao wamekula mahindi yetu." Nikamwambia Zuhura ng'ombe hajaandikishwa hapa shuleni, aliyeandikishwa ni Nashipai. Watoto wakacheka lakini hakuna aliyesogea.

Halafu mama yake akaja. Alisimama mlangoni na shuka lake limelowa, akanisalimu, akasema, "Mwalimu, huyu nyumbani anaongea mpaka tunamwambia nyamaza. Huku anarudi kama mgonjwa. Bibi yake amesema kama mtoto hana mtu huko, arudi achunge ndama. Na huyo bibi ndiye mama wa mume wangu, akisema amesema."

"Na wewe mama Nashipai unasemaje?"

"Mimi nataka asome. Mimi sikusoma."

Nikamwambia anipe mpaka Ijumaa, na Ijumaa amlete huyo bibi mwenyewe aje aone.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Mkude, mtu mpole sana, suti moja ya kahawia majira yote, nikamwambia nataka siku ya uji wa pamoja, kila mzazi wa darasa la kwanza alete alichonacho, huyu unga, huyu sukari, huyu kuni, tupike chungu kimoja, wanywe watoto na wazazi wao, wafugaji na wakulima, tuone kama mtu atakataa kukaa na mwenzake akiwa na kikombe mkononi. Mwalimu mkuu akanitazama juu ya miwani. "Mwalimu Tatu, wewe na mambo yako. Haya. Ila isije ikaleta mengine." (Mdomo wa mtu una baraka na una balaa.)

Ijumaa asubuhi jua likatoka, mvua ilikatika kama imeombwa. Mama Nashipai alifika mapema kuliko wote, akanipa kibuyu cha maziwa, kirefu, kimevishwa shanga nyekundu na nyeupe mpaka shingoni, kifuniko cha ngozi, kizuri mtu huwezi kuacha kukitazama. Akasema ni cha bibi, bibi alikipata siku aliyoolewa, na leo amekubali kitoke nyumbani kwa sababu ya mtoto. Kisha akaondoka kumfuata huyo bibi. Mimi nikamimina maziwa kwenye ndoo ili nijue yatatosha watu wangapi, na hapo ndipo nilipochungulia ndani ya kibuyu.

Weee! Kweusi. Kunanuka moshi. Kwenye maziwa nako vimo vidoadoa vyeusi kama vumbi la mkaa. Nikasema Mungu wangu, bibi wa watu anakuja mbele ya kadamnasi, Mzee Salehe na mdomo wake yupo, wakiona uchafu huu watasema nini? Nikaona nimwokoe. Sikumuuliza mtu. Mpishi wa shule alikuwa hatua chache tu kutoka nilipokaa, sikumuuliza. Niliona kuuliza ni kumwaibisha mgeni. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, si kidogo, nikatia kokoto ndogondogo, nikatikisa kile kibuyu kama kayamba, nikafunga stili waya kwenye kijiti nikaingiza shingoni nikasugua kwa roho moja, na kadiri maji yalivyotoka meusi ndivyo nilivyozidi kufurahi, nikawa naimba kabisa, nahesabu thawabu. Nikasuuza (harakaharaka, maji yetu ni ya kubeba kichwani), nikachuja maziwa kwa kitambaa, nikayarudisha mle ndani ili yamiminwe mbele za watu kwa heshima yake. Nikakiweka mezani juu ya kitambaa cha maua. Kinanukia vizuri, sabuni tupu.

Wazazi wakajaa uwanjani mbele ya darasa, madawati tumeyatoa nje. Sikutegemea, wengine walitoka shambani na majembe begani. Bibi akafika, mrefu, mkavu, hereni zimefika mabegani, hasalimii hovyo. Mimi nikasema shikamoo, akanijibu marahaba huku ananipima kuanzia miguuni. Uji ukamiminwa vikombeni, mwalimu mkuu akasimama akahutubia, mgeni njoo mwenyeji apone, shule ni nyumba ya wote, watu wakapiga makofi, hata Mzee Salehe alipiga, ingawa ya kidole kimoja kimoja. Bibi naye akainuka, akashika kibuyu chake, akammiminia mwalimu mkuu kikombe cha kwanza cha maziwa matupu, kwa heshima ya mkubwa wa mahali.

Yakatoa povu. Povu lile halikushuka, lilikaa juu ya kikombe kama la kufulia, na nikaona bibi amekunja uso akichungulia kibuyu. Mwalimu mkuu masikini, mtu wa adabu, watu zaidi ya nusu ya kijiji wanamtazama na simu zimenyanyuliwa, atafanyaje? Akanywa. Akanywa yote. Macho yakamtoka, akameza, akakaa kidogo, akasema kwa sauti ndogo, "Maziwa... yana... yana afya." Halafu akacheua, na mdomoni mwake, naapa kwa jina la Mungu, likatoka povu dogo la duara, likasimama pale mdomoni, likapasuka.

Mzee Salehe akaruka juu. "Wamemwekea kitu! Nyie mnaona? Mwalimu mkuu kapewa kitu! Watoto, wekeni vikombe chini!" Pakachafuka. Kina mama wanawanyang'anya watoto vikombe vya uji (ambao hata haukuwa na maziwa bado!), mtu anapiga kelele tafuteni pikipiki wampeleke Kilosa hospitali, mwalimu mkuu anasema mimi mzima huku anacheua tena, na Zuhura keshavutwa mkono kutoka dawatini. Mama Nashipai amesimama na mikono wazi, anasema, "Ni ya leo asubuhi, nimekamua mwenyewe, nimekamua mwenyewe," na hakuna anayemsikiliza. Nashipai amejibana mlangoni. Bibi ametia kidole kwenye kibuyu, amenusa, amemwambia mkwewe maneno mawili ya Kimasai, na yule mama akaenda kushika mkoba wa mtoto.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi ya masika ni laini, inakuzamisha viatu tu. Nikaona nikinyamaza, huyu mtoto anaondoka, na anaondoka na jina baya ambalo si lake. Nikapanda juu ya benchi, mimi na unene wangu, benchi likalia, nikapiga ukelele, "Ni mimi! Nimekiosha kibuyu! Nimekiosha kwa sabuni!"

Mzee Salehe akasema, "Umekiosha kwa nini?"

"Kilikuwa cheusi ndani. Nikaona kichafu."

Mama Nashipai akamtafsiria bibi, taratibu, mkono mdomoni. Bibi akaniuliza kupitia kwake, nimekiosha na nini. Nikashuka nikaenda kuichukua ile stili waya kwenye kijiti, nikainyanyua mbele ya watu wote, bado ina masizi yake. Kumbe, ndugu zangu, ule weusi ndio kibuyu chenyewe! Kinasafishwa kwa kijinga cha moto cha mti wao maalumu, ule moshi ndio unaotunza maziwa na kuyapa ladha, na yule bibi alikuwa ameukusanya mle ndani tangu akiwa mwali. Mimi nikautoa asubuhi moja, nikiimba.

Nikawa nasubiri kutukanwa. Badala yake kikasikika kicheko, chembamba, kutoka mlangoni. Nashipai! Alikuwa amejikunja, anacheka mpaka mkoba umemwanguka mama yake, akamgeukia Zuhura aliyekuwa karibu naye akasema kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Mwalimu ameosha kibuyu kwa sabuni!"

Zuhura akamwangalia. "Sasa kwani kinaoshwaje?"

"Kwa moto!"

"Muongo. Kitaungua."

"Hakiungui! Njoo nikuambie." Na akamwambia, na mikono, na macho, na kijiti cha kuigiza tu, anachoma, anasugua, anapuliza, na watoto wengine wakasogea, halafu wengine, mpaka sikumwona tena, namsikia tu sauti, haina breki. Mama yake alikuwa analia na kucheka pamoja. Mimi nililia tu.

Bibi akawatazama wale watoto kwa muda mrefu. Kisha akasema neno, mama Nashipai akalitafsiri kwa aibu, "Anasema huyu mwalimu hajui kitu. Mtoto abaki, amfundishe." Mzee Salehe ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani mabichi na kanzu yake nyeupe, na akishacheka mtu namna hiyo hawezi tena kusimama na kuzungumzia mahindi.

Video ilizunguka kwenye simu za wazazi wote, na mwezi mzima nikipita sokoni wauza sabuni wananiuliza kama nahitaji. Mapumziko watoto wakaanzisha mchezo, mmoja anakuwa mwalimu mkuu anacheua, mmoja Mzee Salehe, na mwalimu Tatu alikuwa Nashipai, siku zote Nashipai, anasugua jiwe huku ameshika kiuno na kuimba kwa pua, na mimi nilikuwa najificha nyuma ya dirisha la ofisi nawatazama, chai yangu ikipoa. (Kwa pua! Mimi siimbi kwa pua.)

Familia ile ilihama miaka michache baadaye kufuata malisho, Nashipai akaendelea shule huko walikokwenda, mama yake hunipigia mara mojamoja kunisalimu. Mzee Salehe ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na Mwalimu Mkude amestaafu, ukimkaribisha maziwa anakuambia asante, maji yanatosha. Darasa ni lilelile, vyura ni walewale.

Nami nimeapa, kuuliza si ujinga, chombo cha mtu sikigusi tena mpaka mwenyewe aniambie kinaoshwa na nini. Ila masika yakija, na mtoto mgeni akienda kukaa kule mwisho karibu na mlango bila kusema, namwomba Mungu kimoyomoyo anipe kosa jingine kubwa kama lile, mradi tu asiwepo mtu mwenye simu.