Gauni la Kenge

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na hadithi moja tu aliyoipenda, nami nikaipenda kuliko pilau. Ilikuwa ya binti yatima aliyelelewa na kenge. Siku ya sherehe ya sultani binti hana cha kuvaa, analia, basi kenge anapiga chafya kubwa na gauni linamtoka puani. "Gauni lenyewe sasa..." bibi alikuwa akisema, halafu kimya. Ameshalala. Aliamka kila siku kabla ya alfajiri kupika vitumbua vya kuuza sokoni Feri, kwa hiyo sikuthubutu kumtikisa. Nilibaki macho kwenye mkeka, katika chumba chetu kimoja cha Kariakoo, namshonea yule binti gauni kichwani mwangu. Leo lina mikono, kesho halina.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mbunifu wa mavazi. Wenzangu walianzia chuoni, mimi nilianzia puani kwa kenge.

Sasa nina duka ghorofani, mitaa mitatu kutoka kile chumba, nashona magauni ya harusi. Kila bibi harusi namwambia kwamba gauni lake ni lile lile la hadithi ya bibi yangu, uzi kwa uzi. Uongo mtupu, lakini unauza. Kenge nilimwondoa mapema, maana huwezi kumtajia mtu kenge kwenye harusi yake ukabaki na meno. Nikaweka njiwa. Najua njiwa hapigi chafya, lakini hakuna mteja aliyewahi kuuliza.

Mwezi uliopita bibi, ambaye siku hizi anakaa kwa mama mdogo Kigamboni, aliamua kuja kuona kazi ya mjukuu wake. Alivuka na pantoni, akapanda ngazi zangu zote akizitukana moja moja, akaingia wakati bibi harusi mmoja anajaribu gauni mbele ya shangazi yake. Huyo shangazi ni mtu anayekagua mshono kama anatafuta chawa. Alikuwa ameniahidi kwamba akiridhika atanipa na sare za kamati nzima, na kazi hiyo niliitaka mno.

"Shikamoo bibi," bibi harusi akaamkia.

"Marahaba mjukuu wangu."

"Eti bibi, gauni la kwenye hadithi yako lilikuwa hivi hivi? Lile aliloleta njiwa?"

Nilimkonyeza bibi, nikakohoa. Macho yake hayaoni vizuri tena, kukonyeza kwangu kukapotea bure.

"Njiwa gani? Kenge! Lilitoka puani kwa kenge."

Shangazi alisimama. "We fundi! Mtoto wetu unamvisha makamasi ya kenge?"

"Kama lilikuwa hivi, mimi sijui," bibi aliendelea, kana kwamba hajaniangamiza vya kutosha. "Hilo gauni sijawahi kulisimulia. Nikifika hapo nilikuwa najifanya nimelala."

Nikamsahau shangazi na sare zake. Nilipandwa na hasira za kitoto kabisa. "Ulikuwa hulali? Siku zote zile? Kwa nini, bibi?"

"Sasa ningekwambia nini, mume wangu? Mimi niliolewa na kanga mbili, moja ya kuazima. Gauni la sherehe nililijulia wapi? Na wewe unasubiri, macho yamekutoka. Nilikuwa naona aibu."

Shangazi akakaa tena taratibu, akatazama viatu vyake. Kisha akasema kwa ukali ule ule, "Fundi, unangoja nini? Mpime bibi. Sisi tutasubiri."

Nikachukua futi ya kupimia. Nilipofika kiunoni bibi akanipiga kofi mkononi, akasema mambo ya mke na mume hayafanywi mbele za watu. Nikamwuliza anataka gauni la namna gani, nikijua itabidi nimpe muda wa kufikiri.

"Rangi ya maziwa," alijibu hapo hapo. "Nyeupe inachafuka. Mikono mirefu, ibane kuanzia kwenye viwiko. Shingo ya duara. Mgongoni vifungo kumi na viwili, vidogo, vilivyofunikwa kitambaa. Mkia sitaki, watu wa pantoni watanikanyaga."

Kalamu yangu ilikuwa bado iko kwenye viwiko. Nikamwomba arudie, kuanzia kwenye shingo.