Vipimo Mia na Thelathini vya Kimya

Nilikaa meza moja na Tazu Ogishima miaka kumi na mmoja, tukinakili nota za watunzi, na sikumwona hata siku moja akiongeza nukta isiyokuwepo. Mtunzi akikosea, Tazu alimwandikia swali kwenye kikaratasi akakibandika pembeni kwa adabu. Mimi nilikuwa nikisahihisha kimyakimya, na mara mbili nilikaripiwa mpaka nikakosa pa kuficha uso. Watu wa Tokyo wanawajua watunzi wao kwa majina. Sisi tuliowafanya wasomeke hatutajwi popote, na jambo hilo linaniudhi hadi leo.

Maana mtunzi huandika vyombo vyote pamoja, filimbi juu, fidla chini, na kila mpigaji anahitaji karatasi yake peke yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yetu: kalamu, wino, rula, na mgongo unaouma.

Mume wa Tazu, Genkichi, alipiga ngoma na vitu vya kugongagonga katika okestra ya mji. Mpigaji wa namna hiyo hushinda kimya muda mrefu huku akihesabu moyoni: moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne, tatu mbili tatu nne, ili asipoteze kipimo, yaani kile kisanduku cha mapigo ambacho wimbo hukatwa kwacho. "Wenzangu kazi yao kupiga," alikuwa akituambia, "mimi yangu kunyamaza, na bado narudi nyumbani nimechoka."

Alikuwa astaafu mwezi wa tatu. Tamasha lake la mwisho lilikuwa na utunzi mpya wa Mwalimu Kuzumi, "Mto Chini ya Barafu". Mwalimu alikuwa mtu wa maneno machache, na tulikuwa tumemnakilia tangu nyimbo zake za mwanzo za kwaya. Utunzi huu aliuandika kwa ajili ya mama yake aliyefariki. Okestra nzima inapiga, inatulia, kisha kibakuli cha shaba kilichotoka kwenye madhabahu ya nyumbani ya huyo mama kinagongwa mara moja. Wa kukigonga ni Genkichi. Kabla ya hapo anakaa kimya vipimo mia na thelathini.

Kwa kawaida mnakili huchora mstari mmoja mnene, juu yake akaandika 130, na mwishoni akatia nota ndogondogo za chombo kingine ili mpigaji ajue zamu yake imekaribia. Mwalimu Kuzumi alizipiga marufuku nota hizo katika kazi zake zote. "Anayegonga kwa kuonyeshwa," alisema, "hajasikiliza."

Shida ni kwamba Genkichi alikuwa ameanza kusahau. Mara mbili alitoka kununua tofu akarudi na bakuli tupu. Kwenye zoezi la kwanza aligonga kwenye kipimo cha mia na kumi na mbili, katikati ya filimbi. Okestra ikanyamaza. Kiongozi wa okestra, kijana mwenye haraka zake, alisema akikosea tena Jumamosi kibakuli atapewa mwingine.

Kesho yake nilipeleka wino nyumbani kwao, nikawakuta mezani.

"Baba Fumie," Tazu alikuwa akimwambia, "nikuwekee nota nne tu za filimbi. Mwalimu nitamwomba mwenyewe."

"Usiweke."

"Atakubali. Anakupenda."

"Ndiyo maana sitaki. Halafu wewe, miaka thelathini hujaongeza hata nukta, leo uanze kwa ajili ya mzee anayepika mchele na majani ya chai?"

"Ulikuwa mtamu hata hivyo."

"Uliongeza bakuli la pili, nilikuona. Kuhesabu mpaka mbili bado najua."

Tulicheka. Kisha Genkichi akaitazama mikono yake. "Nikifika themanini hivi, Mama Fumie, akili inatoka kutembea. Ikirudi, haijui ilipoacha. Sitaki kuondoka nimeharibu kilio cha mtu."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameshaanza upya karatasi ya mumewe, nota za okestra nzima zimefunguliwa mbele yake, naye akiimba puani. Hakuchora mstari mnene. Alichora vipimo vitupu kimoja kimoja, vyote mia na thelathini. Na hata mistari haikulingana: huu vipimo saba, huu vitano, ule tisa, mwingine ukaishia katikati ya ukurasa.

"Unaharibu karatasi," nilimwambia.

"Siharibu."

"Kurasa nne za kimya, dada?"

"Sadae, chora zako."

Nilidhani na yeye akili imeanza kutoka kutembea. Niliogopa, maana nilimpenda kuliko dada zangu wa tumbo moja.

Jumamosi nilikwenda naye kwenye zoezi. Genkichi aliziweka zile kurasa mbele yake, akazitazama, akainua macho kumtafuta mkewe kwenye viti, kisha akarudi kwenye karatasi. Nilihesabu naye mpaka nikapotea mimi. Akafungua ukurasa wa nne, uliokuwa na vipimo vitatu tu, akagonga. Ilikuwa pale pale palipotakiwa.

Mwalimu Kuzumi akaja moja kwa moja kwa Tazu.

"Bi Tazu, naomba niione karatasi ya mumeo."

Alivaa miwani akapekua kurasa zote nne akitafuta nota ndogo, asiikute. Kisha akaanza kuimba polepole, kidole kikifuata vipimo vitupu. Filimbi ilipovuta pumzi, mstari ulikuwa umekwisha. Fidla ziliponyamaza, mstari ulikuwa umekwisha. Okestra nzima ilipotulia, palikuwa mwisho wa ukurasa wa tatu. Akaacha kuimba.

"Mimi sikuikata mistari hivi."

"Hapana, Mwalimu. Lakini wapi pa kukata mstari, hujawahi kutuagiza."

"Kweli," alisema. "Sijawahi." Akainama mbele yake, chini kabisa, kwa namna ambayo mtunzi hamwinamii mnakili. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Siku ya tamasha Genkichi aligonga mahali pake, na Mwalimu akajifunika uso kwa mikono.

Miaka minne baadaye niliwatembelea tena. Genkichi alikuwa hamjui tena hata Fumie, mtoto wake. Kila alasiri Tazu alimwekea zile kurasa mapajani na bakuli tupu la kulia wali mbele yake. Siku ile kidole chake kilitembea juu ya vipimo, kikipumzika kila mwisho wa mstari. Nje gari la kuuza viazi vitamu vya kuchoma lilipita likiita wateja, hakugeuka. Alifika ukurasa wa nne, akainua kijiti cha kulia chakula, akagonga bakuli mara moja. Akasubiri mpaka mlio ukaisha wote.

"Nani aliyeandika hivi?" akamuuliza Tazu. "Ana mkono mzuri."

"Mkeo."

"Nina mke?" Akafikiri, akazipanga kurasa vizuri. "Basi ukimwona, mwambie ahsante. Nilikuwa nimepotea, akanishika mkono."

"Nitamwambia," alisema Tazu.