Mkaja wa Bastola na Kanga Niliyoinunua Mimi

Admin nifichie jina, maana huku Waswahili tunajuana mpaka sufuria zetu.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Mombasa. Naishi Woodbridge, naendesha teksi Alexandria. Shule niliiacha darasa la saba, lakini nimepika melini, nimelala Dubai, na kahawa naiagiza kwa lugha tano. Sasa niwaambie: Virginia nzima hakuna mbeba bastola mwenye bahati kama mimi. Wenzangu wanatembea kama wamemeza mwiko. Mimi mke wangu, Mama Zuhura, ni fundi cherehani, na amenishonea mkaja. Ndiyo, mkaja, ule ule wanaofungwa kina mama tumboni wakishajifungua. Nje kitambaa cha kuvutika, ndani kanga laini, na kwa mbele mfuko wa ngozi ngumu unaofunika kifyatulio, pale pa kidole. Nabeba kutwa nzima, hata sikumbuki kama ninayo.

Msinihukumu kwa kubeba. Kuna abiria alinikaba shingo kutoka nyuma, tangu hapo nikachukua kibali. Kibali chenyewe ni cha Virginia, hakivuki daraja, kwa hiyo abiria akisema anaenda DC namwambia gari lina homa. Lakini jamani, kubeba ni mateso. Ukiiweka kiunoni, mkanda wa gari unaigandamiza kwenye mfupa. Niliiweka mbele, kitambi kikaikataa. Niliifunga mguuni, nikawa natembea kama bata aliyeteguka. Mgongoni ndiyo usiseme, siti ya teksi na chuma havipatani kabisa. Ndiyo maana nasema mkaja ni pepo ya duniani.

Sasa shida yangu. Jumamosi moja tulialikwa akika hapa hapa Woodbridge. Wanaume tumekaa mkekani tunakula pilau. Yupo Papa Fiston, Mkongo, mlinzi wa duka la vito kule Alexandria. Kijana wa miaka thelathini na kitu, tumbo bapa kama sinia, amekunja miguu anakula kwa raha zake. Jamaa mmoja akamtania, "Papa, leo chuma umekiacha nyumbani?"

Fiston akacheka, akainua shati. "Niko nayo, ndugu yangu! Natoka kazini, tangu asubuhi niko nayo, hata siisikie!"

Mkaja. Na ndani ya mkaja, ukingo umejitokeza, nikaiona kanga ya buluu yenye korosho nyekundu. Kanga hiyo niliinunua mimi, kwa mkono wangu, nilipokwenda Mombasa mara ya mwisho. Niliibeba kwenye begi la mkononi isije ikapotea. Leo maandishi yake yamelala juu ya kitovu cha mwanaume mwingine!

"Ni Mama Zuhura alinishonea," akasema, wala hana wasiwasi. "Kaka, bibi yako iko na mikono ya malaika."

Watu wakaangua kicheko. Mzee aliyekaa kando yangu akanigusa goti. "Baba Zuhura, mbona umesinyaa? Kula, bwana." Wallahi ule wali ulikuwa mchanga mdomoni. Mimi nawaza kitu kimoja tu: tumbo halipimwi kwa macho. Lazima mtu azungushe mikono. Ya nani?

Sikumuuliza mke wangu. Nikawa nanusa nguo zake. Nikawa napita mtaa wa Fiston bila abiria. Mchana mmoja nikamwona Mama Zuhura anatoka kwenye jengo lao na mfuko wake wa vitambaa, anacheka. Nyuma yake Fiston, amembebea cherehani.

Nikasimamisha gari upande wa pili. Ibilisi akaja akakaa siti ya mbele, akafunga na mkanda. Nikainama kufungua mlango, chuma kikanichoma ubavuni mpaka nikapiga kelele, "Aaa!" peke yangu ndani ya gari. Hapo ndipo nikautazama mkono wangu. Ulikuwa ndani ya shati, umeshaishika. Nikauchomoa kama nimegusa pasi ya moto. Nilipoinua macho, mke wa Fiston naye anatoka, futi ya kupimia imening'inia shingoni, anamuaga mke wangu kwa kumkumbatia.

Nyumbani nikauliza kwa ukali, "Kanga yangu inafanya nini tumboni kwa Mkongo?"

"Ilichanika, Baba Zuhura. Hukuiona hata ilipochanika. Mkewe ndiye aliyempima, tena namfundisha kushona." Akaacha kukata kitambaa, akanitazama. "Ulikuwa unafikiria nini?"

"Sikufikiria kitu."

"Unanusa madira yangu, halafu hufikirii kitu?"

Nikabaki na wivu ule mwingine, wa kitoto, wa mkaja. Nikamwambia, mimi je? Mumeo?

Akasema taratibu, bila hasira: "Fiston anabeba kwa kazi, akifika kwake anaifungia. Wewe una wivu, mume wangu. Wewe sikushonei. Nataka ikuume. Siku ikiacha kukuuma, utasahau kama unayo."

Hajui habari ya siku ile kwenye gari. Hajui kwamba iliniuma, na ndiyo maana leo nipo hapa naandika upuuzi badala ya kuwa jela, na yeye yuko sebuleni anashona gauni la Zuhura huku anaimba. Nampenda mwanamke huyu mpaka nakuwa mjinga. Nikimwambia mkono wangu ulikuwa wapi, ataondoka. Nisipomwambia, kila akiniwekea chai mbele yangu nauona mkono huo. Niirudishe bastola dukani niendeshe gari na woga wangu? Nimweleze yote? Wenye ndoa zenu, nipeni la kufanya, na matusi mkinipa nitayapokea.

Na ule mkaja niliowaringia pale juu, sina. Sijawahi kuuvaa hata siku moja. Niliwadanganya.