Nilipata 4 kati ya 20 kwenye shairi nililotunga mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu nyote. Hili lilinikuta mimi, sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke, hata mimi nilishacheka.

Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Igogo, Mwanza. Nina miaka 36. Mwaka juzi niliamua kurudia form six kama private candidate, maana nataka kusomea ualimu wa Kiswahili. Nikajiunga na tuisheni.

Mwalimu wetu anaitwa Bwire. Kijana, namzidi miaka kumi, lakini namwita mwalimu naye ananiita kaka.

Huyu bwana hakubali kitu kiwe kitu. Mvua kwenye shairi siyo mvua, ni mabadiliko. Ng'ombe siyo ng'ombe, ni mali ya umma. (Mimi Mkerewe nilikuwa nameza tu, ila wanafunzi wa Kisukuma hiyo ya ng'ombe iliwauma kweli.)

Sasa basi.

Mama yetu alipofariki nilitunga shairi, nikalituma gazetini kwa jina la bandia. Likatoka. Kile kipande nikakikata, nikakitunza. Aliyejua ni mke wangu tu.

Siku ya mock nafungua karatasi, swali la tatu ni shairi langu!

Kandambili zimebaki, mlangoni zatazama,
Miguu haipashiki, baridi ilivyokwama.

Swali: kandambili ni ishara ya nini?

Wakuu, nilitabasamu peke yangu kama mwizi wa kuku. Nikaandika kwa confidence: siyo ishara, ni kandambili za mama wa mshairi, zilibaki mlangoni baada ya msiba. Nikataja mpaka rangi. Bluu, ya kushoto imeshikwa na waya.

Nne kati ya ishirini.

Pembeni, wino mwekundu: "Hujamwelewa mshairi. Soma zaidi."

Neema, niliyekuwa nakaa naye dawati moja, aliandika ni unyonyaji wa wafanyakazi. Kumi na saba!

Kesho yake nikamfuata Bwire na kipande changu cha gazeti.

"Mwalimu, huyu mshairi ni mimi."

Akasoma, akaniangalia, akasoma tena. Nikajiandaa kupokea msamaha.

"Pole sana kwa mama, kaka. Ila hii baridi imetoka wapi?"

"Baridi gani?"

"Miguu haipashiki. Mwanza hii, baridi ya kugandisha miguu inatoka wapi?"

Nikamjibu nilikuwa natafuta vina tu.

"Basi maksi zinabaki."

Nilikasirika kinoma. Nikamwambia mke wangu shule basi, siwezi kufundishwa msiba wangu na mtoto wa juzi. Jumamosi nikapanda meli kwenda Nansio kwa dada yangu mkubwa, Tabu. Nilitaka mtu wa kunionea huruma.

Nikamkuta anamenya muhogo. Shikamoo, marahaba, nikamsimulia yote.

Akaweka kisu chini.

"Huyo mwalimu wako ana akili kukuzidi."

"Dada!"

"Mama alikata minofu ya samaki kiwandani miaka tisa. Anasimama kwenye maji ya barafu kutwa. Mabuti walivaa wasimamizi, yeye na wenzake kandambili. Mimi ndiye nilikuwa nampelekea chakula. Yeye anakula, mimi namsugua miguu. Wewe ulikuwa bweni."

"Mbona hakuniambia?"

"Ungeacha shule."

Wakuu, nilikaa pale kwenye kigoda. Nilikumbuka kweli, likizo nilikuwa nagusa miguu ya mama nashangaa ilivyo ya baridi, nadhani ni uzee. Nikalia mbele ya dada yangu, mtu mzima na ndevu zangu. Yeye akaendelea kumenya muhogo, akaniacha nimalize.

Jumatatu nikarudi darasani. Bwire nilimweleza, akavua miwani akaifuta muda mrefu. Maksi hajaongeza hata moja, na sikuomba.

Mtihani wa mwisho nilifaulu. Sasa hivi niko chuo, mwaka wa kwanza.

Nilichojifunza: mtu anaweza kutunga kitu, akakilia, akakichapisha, na bado asijue amesema nini. Na ukiona mhakiki anakukera sana, kabla hujabisha nenda kawaulize waliokuwepo.

Walimu wa Kiswahili mliomo humu, nisaidieni kwa haki kabisa: lile jibu langu mngelipa ngapi?