Kelele Alizozifuta Kibii

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Kibii alikuwa amesifiwa mno. Katika studio yake ndogo pale mtaani Free Area, nyuma ya duka la chakula cha kuku, wanakwaya na vijana wa rap walimwita daktari wa sauti. Hata ukiingia na mafua, walisema, utatoka ukiimba kama malaika. Naye, maskini, akawaamini.

Joyline alipokuja hakutaka umaarufu. Alikuwa amepata kazi ya nyumbani ng'ambo, mkataba wa miaka miwili, na binti yake Kimberly, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, angebaki na nyanya yake. Alitaka kurekodi wimbo wa kumbembeleza, ule aliomwimbia kwa Kikalenjin kila alipomlaza, ili mtoto asimsahau. Aliketi mbele ya maikrofoni, akaimba huku akijipigapiga paja taratibu, maana hakujua kuuimba vinginevyo.

Akasafiri. Kibii akaingia kazini. Alifuta pumzi zote, akanyoosha kila noti ya sauti iliyopinda, akayaondoa yale mapigo ya paja kwa kuwa kwake yalikuwa kelele tu. Kisha akaumwagia wimbo mwangwi mpaka ungedhani Joyline yuko ndani ya kanisa kubwa. Alipomaliza aliutuma kwa nyanya ya mtoto, akajinunulia soda, akajipongeza.

Haukupita muda, Jepkosgei, mama yake Joyline, akabisha mlangoni na mjukuu mgongoni.

"Kijana, hii wimbo yako haisaidii," alisema. "Tukiiweka, mtoto analia mpaka anashikwa na kwikwi."

"Lakini mathe, hiyo mix iko clean kabisa!"

"Ni clean, sikatai. Lakini huyo anaimba ni nani?"

Kibii alitaka kucheka, akashindwa. Aliuwasha wimbo. Kimberly aliuficha uso kwenye leso ya nyanya yake, akaangua kilio, na Kibii akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona mbele ya mteja yeyote. Joyline alimwachia mtoto sauti yake tu, na yeye Kibii ameipoteza.

Bahati nzuri, rekodi ya kwanza ilikuwepo bado. Aliuondoa mwangwi. Mtoto akaendelea kulia. Akazirudisha noti zilizopinda, hasa ile ya mwisho, inayoshuka kidogo kwa uchovu. Akarudisha pumzi. Kilio kikapungua. Akayarudisha mapigo ya paja, akapunguza tu ngurumo ya malori ya barabarani, halafu akaikalia mikono yake isije ikagusa kitu kingine.

Kilio kikakatika. Jepkosgei akamshusha mtoto sakafuni. Kimberly alisimama akisikiliza, kisha akatembea hadi kwenye spika, akaigusa kwa kiganja. Akazunguka nyuma yake, akachungulia kati ya nyaya.

"Mama?"

Akazunguka tena, upande wa pili.

Moyo ulimuuma Kibii kuliko alivyotarajia. Hakuwa amefikiria hilo hata kidogo. Akanyoosha mkono azime.

"Wacha," Jepkosgei alisema, huku akijifuta macho kwa ncha ya leso. "Wacha amtafute. Kwa ile ingine, hata hakumtafuta."