Kidevu cha Mzee Wangu

Sitasema uongo: nilikuwa na wivu, na bado ninao. Miaka minane nilimwimbia mume wangu wimbo mmoja, nenda ukatengenezewe meno, naye akajitia hamnazo. Fundi seremala mzima, nusu ya milango ya mtaa huu katengeneza yeye, mtu ambaye mlango ukikwaruza sakafu hapati usingizi! Lakini kinywa chake mwenyewe, akakiacha hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyemtwangia karanga. Mimi ndiye niliyemchemshia nyama mpaka ikasahau kuwa ni nyama. Halafu siku moja akaenda kung'oa gego lake la mwisho, akarudi ameshika shavu, akaniambia, "Kidonda kikipona naweka meno. Daktari kanishauri."

"Daktari gani?"

"Yule binti wa kliniki ya meno," akasema, akacheka peke yake.

Mimi miaka minane, yeye dakika kumi. Jamani, roho isiniume kwa nini?

Siku ya kuchukua alama ya ufizi nilikosa, lakini siku ya kupimwa taya nilifunga kibanda changu cha maziwa, nikamwambia mzee leo tunakwenda wote. Chumba kilikuwa kidogo, kina kiti cha kuegemea na kitaa cha spiriti juu ya meza. Daktari mwenyewe ana kama miaka thelathini, kucha fupi, hana hata hereni. Nilimtafutia kosa la mavazi, sikuliona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikamwitikia, ya mdomoni tu.

Akanieleza bila kuulizwa. "Baba hana meno ya kutuonyesha taya la chini linakutana wapi na la juu. Kwa hiyo tunatafuta mahali linapokaa lenyewe likitulia. Nikikosea hapa, meno yote yatakuwa yamekosea."

Akamtia mzee mdomoni tao la nta ya rangi ya waridi, moja juu na jingine chini. Akamwekea nukta ya wino puani na nyingine kidevuni, akapima kwa rula, akaichonga nta, akapima tena. Mzee akawa anaifuatilia ile rula kwa macho, ufundi ukimwasha. Hapo sikuwa na neno. Kisha binti akakishika kidevu. Vidole viwili, chini ya kidevu cha mume wangu, mbele ya macho yangu!

"Legeza, baba. Peleka ulimi nyuma kabisa, meza mate, halafu funga."

Mzee akafunga. Daktari akatikisa kichwa. "Unakisukuma kidevu mbele. Tena."

Mara tano. Nilihesabu. Mara tano alikishika, na mara tano mzee akakosea. Mwisho akanigeukia, "Mama, samahani, naomba utupishe kidogo. Labda baba atatulia."

Niwapishe! Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la ukumbini, nimevimba. Kwanza kimya. Halafu nikamsikia mzee akicheka. Si kile kicheko chake cha kufunika mdomo kwa kiganja. Alicheka cha tumboni, ambacho mimi nyumbani sikisikii. Damu ikanichemka. Nikachomoa leso yake kwenye mkoba wangu, ndiyo iwe kisingizio, nikausukuma mlango bila hodi.

"Umesahau leso!"

Mzee alikuwa amefunga kinywa kwenye nta. Akanitolea macho. Daktari alikuwa ametupa mgongo, anapasha kisu motoni. Akageuka, akaziunganisha zile nta mbili palepale mdomoni. "Vizuri sana, usisogee," akamwambia.

Wiki iliyofuata meno yalikuwa yamepangwa juu ya nta kwa ajili ya kujaribiwa. Niliwekwa benchini tangu mwanzo. Baada ya muda mlango ukafunguka, daktari kasawajika.

"Mama, hebu njoo. Meno ya juu yametangulia, ya chini yamebaki nyuma, hayakutani. Sijui nilikosea wapi."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa. Nikaingia nimekunja mikono, nimuone bingwa leo anasemaje.

"Baba, funga, mama aone."

Mzee akanitazama, akafunga. Meno yakakaa jino juu ya jino, safi.

Daktari akainama kuyaangalia. "Mama, hebu toka tena." Nikatoka. "Funga, baba. Unaona? Hayakutani. Mama, ingia." Nikaingia. Yakakutana.

 Daktari akasema polepole, "Baba, ukimwona mama unakitoa kidevu."

Mzee akayatoa meno mdomoni, akayashika kiganjani. Alimjibu daktari, hakunitazama mimi.

"Siku niliyong'olewa meno ya mbele, huyu alinitazama akacheka. Akasema uso umeninywea, nimekuwa kama babu yake. Tangu siku hiyo nakitoa. Nikifika mlangoni nyumbani, kabla sijapiga hodi, nakitoa."

Nilikumbuka. Ulikuwa utani wa mezani, niliusema nikitafuna, na kesho yake nilikuwa nimeshausahau.

"Na nilipokwambia uweke meno?" nikamuuliza. 

"Ulisema nisipoweka watu watakucheka wewe. Huyu aliniuliza natamani kutafuna nini."

"Ukamjibu nini?"

"Karanga."

Mikono ikanikunjuka yenyewe. Nikamwambia daktari habari ya leso, kwamba niliingia makusudi yeye akiwa ametupa mgongo, na kwamba kosa la kipimo si lake, ni langu. Hakunigombeza. Alichukua nta mpya, akaitia kwenye maji ya moto ilainike.

"Tunarudia," akasema.

Safari hii hakuna aliyeniomba kutoka. Nilichukua mkoba, na ile leso yake ya kisingizio humo ndani, nikatoka, nikaufunga mlango mwenyewe. Nikamsikia akisema, "Legeza, baba." Halafu mzee akacheka, kile kicheko cha tumboni. Wivu ukanipanda upya, palepale. Nikaushika ubao wa benchi kwa mikono miwili, nikakaa.